Binti wa miaka 17 kanywa pombe hosteli akazimia. Adhabu ya haki ni ipi?

Mama Hosteli

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mimi ni matroni wa hosteli ya wasichana ya chuo kimoja cha binafsi, upande wa Mbezi hapa Dar. Chuo sitakitaja. Nina wasichana 84 katika vyumba 14, mlinzi mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Alhamisi naingia kwenye kamati ya nidhamu na nahitaji ushauri, maana wiki hii sijapata usingizi wa maana.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na bethdei chumba namba 11. Wenye watoto vyuoni mnazijua bethdei za siku hizi: mwenye siku yake anamwagiwa maji ndoo kwa ndoo, keki inakatwa, picha zinapigwa. Saa nne usiku nilipopita kukagua, korido ilikuwa imelowa mpaka kwenye ngazi. Mabinti wawili walikuwa wamesimama mlangoni, wananitabasamia: "Samahani Mama, tunapiga deki sasa hivi." Nikagomba kuhusu maji, nikaendelea na ukaguzi. Sikuingia ndani. Hilo kosa ni langu na kwenye kamati nitalisema.

Saa saba na dakika ishirini usiku nikasikia mlango wangu unakwaruzwa, siyo kugongwa. Nafungua, namkuta msichana wa chumba kingine kabisa, kajitanda kanga mpaka mdomoni, analia bila sauti. "Mama, naomba usiandike jina langu. Nenda kumi na moja." Akapanda ngazi mbio.

Nilichokikuta siwezi kukisahau. Mtoto amelazwa chali chini, kwenye godoro lililoloa, katikati ya vitanda viwili vya dabo deka. Midomo ya kijivu. Mikono ya baridi kama samaki wa feri. Anakoroma, ananyamaza, kimya kinakuwa kirefu mpaka unasema ndiyo basi, halafu anavuta pumzi tena. Wenzake wanne wamemzunguka, mmoja ana pakiti ya maziwa, mwingine ndoo. Yale maji ya korido hayakuwa ya bethdei. Walikuwa wanammwagia azinduke, tangu saa tatu na nusu. Nilipokuwa nagombea deki, yeye alikuwa amelala hatua nne kutoka niliposimama.

Walikuwa wamekunywa pombe kali, vibapa vitatu, wamechanganya na juisi ya ukwaju kwenye jagi. Yeye alikuwa hajala tangu asubuhi.

Mlinzi alikimbia barabarani akaja na bajaji. Dereva hakuuliza hata hela. Hospitali walimpima sukari, ilikuwa imeshuka sana, wakamwekea dripu na oksijeni. Daktari aliniambia maneno machache: "Mama, mngechelewa tena kidogo mngekuja kuchukua cheti." Alizinduka alfajiri. Mzima, namshukuru Mungu.

Binti ana miaka 17. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, yuko hapa kwa astashahada ya uhasibu. Baba yake ni mkulima wa Kilosa, ada ameituma kwa vipande vinne kwenye simu. Aliyenunua pombe ana miaka 20. Alinunua dukani, duka lililo nyuma ya ukuta wetu, na siyo mara ya kwanza.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua. Asubuhi niliwauliza wale wanne: kutoka hapa mpaka kwangu ni ngazi ishirini na mbili, kwa nini hamkuniita? Hakuna aliyejibu. Mmoja akainua tu kidole, akaonyesha mlango. Nyuma ya mlango imebandikwa karatasi ya sheria za hosteli. Sheria namba 6: "Atakayekutwa na kilevi au kuhusika kwa namna yoyote na kilevi atafukuzwa chuo bila onyo." Mimi ndiye niliyeichapa ile karatasi. Mimi ndiye niliyeibandika, kwa mkono wangu.

Uongozi unataka wote watano watoke, na unataka nimtaje yule aliyekuja kuniita, kwa kuwa "alijua na hakutoa taarifa mapema". Sitetei ulevi. Baba yangu mzazi kafa kwa pombe, naijua. Ila naogopa tukiwafukuza wote hawa, siku nyingine hakuna atakayekwaruza mlango wangu.

Niseme nini kamati? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Pugu

Pole sana matroni, na hongera kwa kumuwahi mtoto wa watu. Mimi nina binti hosteli, chuo kingine, ana miaka 18. Nitasema la moyoni.

Nalipia hosteli, na ni ghali, kwa sababu sitaki apange geto Sinza. Nalipia ukuta, geti na matroni. Nikisikia ndani ya huo ukuta kuna jagi la pombe kali na aliyelileta bado analala kitanda kilekile, mimi mwanangu namtoa. Huyo wa miaka 20 ni mtu mzima. Alijua mwenzake ni mtoto, akampa. Aende. Hata huyo wa 17, naomba msimwonee huruma kupita kiasi. Samaki hukunjwa angali mbichi. Akiona amekaribia kufa na bado Jumatatu yuko darasani, amejifunza nini? Na wenzake 83 wamejifunza nini?

Sheria isiyotekelezwa ni karatasi. Watoto wanaijua mapema kuliko sisi.

Nesi wa Zamu

Dada matroni, kabla ya adhabu naomba niongee habari za mwili, maana nimepokea watoto wa namna hii usiku zaidi ya mara moja na wote wanaletwa wamelowa maji.

Kumlaza chali ndiyo hatari ya kwanza. Mlevi aliyezimia akitapika akiwa chali, matapishi yanarudi kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, kichwa kiinamishwe kidogo nyuma ili koo liwe wazi, na mtu akae naye asiondoke. Msimmwagie maji ya baridi: pombe inaushusha mwili joto, nyie mnauzidishia baridi. Maziwa, kahawa, maji ya chumvi, kidole kooni, vyote acheni. Mtu asiyejitambua hapewi kitu mdomoni.

Na hili lieleweke: kuacha kunywa siyo mwisho. Kilichobaki tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo wa saa tatu na nusu anaweza kuwa hoi zaidi saa tano. Ini linafanya kazi yake polepole, huwezi kuliharakisha kwa maji wala kwa limao. "Mwache alale, itaisha" ndiyo sentensi inayoua.

Mkiona pumzi chini ya nane kwa dakika, au kimya cha sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, midomo imebadilika rangi, ukimfinya hashtuki: hospitali, hapohapo. Chapa hayo kwa herufi kubwa. Sukari kushuka ulivyoeleza ni kawaida kwa aliyekunywa na njaa, tena kwa mwili mdogo.

Mama Hosteli

Nesi, Mungu akubariki. Nilimlaza ubavu kwenye bajaji, kichwa mapajani mwangu, lakini sikufanya kwa kujua, nafasi tu ilikuwa ndogo. Kumbe.

Wakili Mtaani

Matroni, nakushauri kama kaka yako, siyo kama mtu uliyemwajiri.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Haijalishi ana kitambulisho cha chuo na anasoma uhasibu. Sheria hiyohiyo inakataza kumuuzia mtoto pombe. Kwa hiyo mezani kwenu Alhamisi kuna mtoto mmoja aliyedhurika, na kuna duka nyuma ya ukuta ambalo hakuna anayelizungumzia. Tangu viroba, ile pombe kali ya vipakiti vya plastiki, vipigwe marufuku tarehe 1 Machi 2017 watu walidhani pombe kali ya bei ya mwanafunzi imekwisha. Imehamia kwenye chupa ndogo, na inauzwa palepale panapouzwa vocha na mkate. Andika barua serikali ya mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata, na polisi wa kata ajue.

Kuhusu kamati: kila binti asikilizwe peke yake. Asisainishwe maelezo na kundi. Wa miaka 17 msimhoji bila mzazi au mlezi kuwepo, na msimtoe getini na begi kabla mzazi hajafika. Kama mtoto aliyetoka juzi hospitali anaachwa barabarani Mbezi saa kumi na mbili jioni na likitokea la kutokea, atakayeulizwa ni chuo.

Jina la aliyekuita usiliandike. Alikuomba.

Alirudishwa Nyumbani

Mimi sijawahi kuandika haya popote. Mwaka 2014, nina miaka 18, mwaka wa kwanza stashahada, nilikutwa na chupa chini ya godoro. Haikuwa yangu lakini nilikuwa nimeinywa, kwa hiyo sikubisha. Kamati ilikaa dakika kumi. Jioni nilikuwa stendi ya Ubungo, wakati ule stendi ya mikoani bado iko pale, na begi moja na ndoo yenye vyombo vyangu.

Nauli ya Songea nilikuwa nayo. Sikupanda. Ningemwambia nini mama? Aliuza mahindi yote. Nilienda kwa jamaa Manzese kulala usiku mmoja, nikakaa miaka miwili. Nyumbani walijua nasoma. Hela ya ada ya muhula wa pili ilikuja, nikaipokea. Pombe niliyokunywa hosteli ilikuwa kidogo, ya kujaribu na wenzangu. Pombe niliyoinywa Manzese ndiyo pombe.

Mzee wa Pugu, sikukosoi, unaongea kama baba. Ila jua kwamba mtoto akifukuzwa ghafla haendi nyumbani. Wazazi wengi mnadhani ndiyo adhabu: arudi kwa baba yake. Harudi. Anaogopa uso wa baba kuliko anavyoogopa Manzese.

Leo nina duka la vipuri, nina mke, situmii. Siwalaumu wale wa kamati. Natamani tu mmoja wao angeniuliza swali la pili.

Mdau wa Ng'ambo

Poleni nyote. Mimi ni mtoto wa Temeke, nilisoma Marekani na kwa miaka miwili nililipiwa chumba ili niwe mwangalizi wa bweni, yaani mwanafunzi mkubwa anayekaa korido moja na wadogo. Kule umri wa kuuziwa pombe ni 21. Sheria ya mwaka 1984 ilizibana serikali za majimbo: jimbo likishusha umri, linakatwa fedha za barabara kuu. Kwa hiyo bwenini karibu wote hawajafika umri, na wanakunywa kwa kujificha, pombe kali, kwa haraka, mlango umefungwa. Mnaona inavyofanana na chumba namba 11.

Watu walikufa kule hivihivi. Mwenzao kazimia, wenzake wanaogopa adhabu, wanamfunika blanketi. Ndipo vyuo vikaanza kuandika kanuni ya kumlinda anayeita msaada. Cornell, kule New York, walianza mwaka 2002. Ukipiga simu ya dharura kwa ajili ya mwenzako, ukabaki naye na ukasema ukweli, wewe na mgonjwa hamwendi mbele ya kamati kwa kosa la kunywa. Badala yake mnaitwa kwa mshauri. Kanuni hiyo haimlindi aliyeuza, wala aliyepigana, wala aliyemwacha mwenzake akaondoka.

Mzee wa Pugu, sasa nakujibu wewe. Huyo aliyesamehewa haondoki mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle walitengeneza utaratibu wa vikao viwili: mwanafunzi na mshauri peke yao, anaeleza anakunywa lini, na nani, kiasi gani, halafu anaonyeshwa kwamba wenzake wengi wanakunywa kidogo kuliko anavyodhani. Mimi niliwasindikiza vijana kwenye vikao vile. Walikuwa wanaviogopa kuliko faini, kwa sababu faini mzazi analipa na yameisha. Na wazazi wanahusishwa pia: tangu 1998 sheria yao inaruhusu chuo kumweleza mzazi wa mwanafunzi wa chini ya miaka 21 akivunja kanuni za pombe.

Sisemi tuige kila kitu. Kwetu hakuna gari la wagonjwa linalofika dakika sita. Kwetu kuna dereva wa bajaji na matroni. Ndiyo maana kumwogopa matroni kwetu ni hatari kuliko kwao.

Mzee wa Pugu

Nimesoma yote, ya huyu kijana wa Songea nimeyasoma mara mbili. Kwa aliyekuja kuita, nakubali, asiguswe, na asitajwe. Wale waliosimama mlangoni wakamdanganya matroni usoni, bado nasema adhabu iwepo na iwaume. Aliyenunua, msimamo wangu ni uleule.

Mama Hosteli

Wapendwa, kamati ilikaa jana, saa tatu mpaka saa saba mchana. Naandika nikiwa ofisini, mlango wazi.

Baba yake binti alifika Jumatano usiku kwa basi. Amekuja na kiroba cha mchele kwa ajili ya yule dereva wa bajaji. Hajui jina lake, anataka tu apewe. Kabla ya kikao aliomba aonyeshwe chumba. Nikamwonyesha. Alisimama akaangalia pale chini kati ya vitanda, akavua kofia, hakusema kitu. Kisha akasoma karatasi ya nyuma ya mlango, taratibu, kidole kwenye mstari. Akaniuliza, "Hii ndiyo waliyoiogopa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi pia ningeiogopa."

Kikaoni nilianza na kosa langu, kwamba saa nne sikuingia ndani. Nimepewa barua ya onyo, nimeisaini, ni haki. Halafu nikasoma aliyoandika Nesi, yote, mpaka ile ya pumzi nane. Mkuu wa chuo alikuwa anaandika. Kumbe na yeye alijua maziwa ni dawa.

Aliyenunua amesimamishwa mpaka mwaka ujao wa masomo. Mama yake alikuja kumchukua mwenyewe, hakutoka peke yake getini, hilo nilisimama nalo. Mimi nilitaka muhula mmoja, nikashindwa kwa kura. Watatu waliomficha wana barua ya onyo na wamevuliwa uongozi, mmoja wao alikuwa mwakilishi wa ghorofa. Pia kila Jumamosi asubuhi kwa muhula mzima watakuwa zahanati ya jirani, kufagia na kusaidia mapokezi. Zahanati wamekubali.

Binti mwenyewe amebaki chuoni na amebaki hosteli. Hapa tulivutana sana. Mjumbe mmoja alitaka asome akitokea nje. Nikamuuliza, mtoto wa miaka 17 asiye na ndugu Dar tunamtoa kwenye ukuta tunampeleka geto, ndiyo tunamwadhibu au tunamtupa? Ana onyo la mwisho, baba yake kasaini, na kila Jumatano saa kumi anakaa na mshauri nasaha. Atakaa pia na mimi Jumapili baada ya kanisa. Hilo siyo la kamati, ni langu na lake.

Jina la aliyeniita niliulizwa mara tatu. Sikulitoa. Mara ya tatu mwenyekiti akasema tuendelee.

Sheria namba 6 imepelekwa bodi iandikwe upya. Nimeandika pendekezo kwa maneno yangu, Mdau nimechukua na yako: kilevi bado ni marufuku, anayekileta ataadhibiwa zaidi ya anayekinywa, na anayekuja kuita msaada hataadhibiwa kwa usiku huo, hata kama na yeye amekunywa. Bodi inakaa mwezi ujao. Sijasubiri. Leo asubuhi nimezibandua zile karatasi 14 na mahali pake nimeweka namba yangu ya simu, namba ya dereva wa bajaji, na maneno ya Nesi kwa herufi kubwa. Mkuu ameniona nikibandika, akapita.

Alirudishwa Nyumbani, yako nimeyachapa nimeyaweka kwenye faili langu. Sikuyasoma kikaoni, niliona ni yako.

Limebaki duka. Barua nimeipeleka serikali ya mtaa jana jioni, mwenyekiti ameigonga muhuri. Mtendaji wa kata kaniita Jumatatu saa nne, na mwenye duka ataitwa. Nasikia ni ndugu wa mjumbe wetu wa nyumba kumi. Wakili, niende peke yangu au niongozane na baba wa binti? Anaondoka Jumanne.